Nakshi za ngazi na matone: namna ya kufua kisu cha chuma cha Dameski

Nakshi ya kisu cha Dameski haichorwi juu ya chuma, inatoka ndani. Mhunzi anashikisha vyuma vya aina mbili kwa moto na nyundo, tabaka juu ya tabaka, mpaka viwe mche mmoja, yaani kipande kimoja kirefu. Kisha anayavuruga matabaka hayo kwa makusudi, anasaga uso wa mche, na mwisho dawa ya kuchoma chuma inaanika alichokifanya. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye moto na kushikisha, na unafika kwenye nakshi zenyewe baadaye. Ngazi nzuri juu ya mche ulioshikana nusunusu ni kazi bure: kisu kitapasuka unapokizamisha kwenye mafuta, au kibaya zaidi, kitapasuka mkononi mwa aliyekinunua.

Hii si kazi ya kuanzia uhunzi. Kama hujawahi kufua kisu cha springi ya gari, ukakikaza (kukifanya kigumu kwa moto na mafuta) na kukilegeza (kukipa joto dogo kisivunjike ovyo) mwenyewe, anza huko. Ukishaweza kusoma rangi ya moto bila kubahatisha, rudi hapa.

Dameski ipi?

Chuma kilicholipa jina la Dameski sifa yake ya kale kilikuwa cha namna nyingine. Kiliyeyushwa ndani ya vyungu vidogo vilivyozibwa, huko India ya Kusini na Sri Lanka, kikauzwa kwa madonge hadi Uajemi na Shamu, na michirizi yake ilijitokeza wakati kinafuliwa. Mwaka 1998 John Verhoeven wa Chuo Kikuu cha Iowa State na mfua visu Alfred Pendray walichapisha maelezo ya chanzo chake: metali iitwayo vanadi, kidogo sana, pamoja na madini mengine machache ndani ya chuma, huzipanga chembe ngumu za kabidi (chuma kilichoungana na kaboni) kwa mistari. Pwani yetu nayo haikuwa mbali na biashara hiyo. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kwamba chuma cha Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, kilinunuliwa na wafanyabiashara waliokipeleka India.

Tunachofua hapa ni Dameski ya kushikisha, ile ya tabaka kwa tabaka. Wahunzi wa Ulaya ya Kaskazini waliitumia kwenye panga zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa wafua visu wa leo ilifufuliwa na Mmarekani Bill Moran alipoonyesha visu vyake mwaka 1973. Miaka mitatu baadaye ukaanzishwa umoja wa American Bladesmith Society. Mpaka leo anayetaka cheo cha juu kabisa cha umoja huo lazima afue kisu cha Dameski chenye tabaka zisizopungua 300, kikate kamba inayoning'inia, kikatekate mbao, kiwe bado kinanyoa nywele, halafu kipindwe nyuzi 90 bila kukatika. Huo ndio mtazamo ninaoukubali: kisu kwanza, nakshi baadaye.

Kuchagua vyuma

Unahitaji vyuma viwili vinavyokubaliana kwenye moto na kutofautiana kwenye dawa (ni feri kloraidi, nitaieleza mwishoni). Jozi ambayo wafua visu wengi duniani wameikubali ni 1084 na 15N20, majina ya kiwandani ya aina mbili za chuma. Cha kwanza kina kaboni asilimia 0.8 na ushei pamoja na manganizi. Dawa ikikigusa kinakuwa cheusi. Cha pili kina kaboni asilimia 0.75 hivi na nikeli asilimia 2, na nikeli hiyo ndiyo inayokifanya kibaki cheupe. Vyote viwili vinavimba na kusinyaa karibu sawa, na vinakazwa kwenye joto lilelile. Hapo umeshapunguza nusu ya matatizo.

Vinaagizwa kutoka nje, na usafiri wake si wa bei ndogo. Mbadala upo, lakini uwe na subira ya kupima. Misumeno ya mkanda ya viwanda vya mbao, ile mipana inayopasua magogo kama kule Mafinga, mara nyingi hutengenezwa kwa chuma chenye nikeli cha aina ya 15N20. Upande wa cheusi, tupa kuukuu za chuma kitupu zina kaboni ya kutosha. Usiamini maneno ya muuza skrapu wala maandishi ya kibandiko. Kata kipande kidogo cha kila kimoja, kipashe moto mpaka sumaku ikikatae, kiongezee moto kidogo, kizamishe kwenye mafuta, halafu kivunje kwenye jiliwa. Kikikatika ghafla na ndani kina chembe laini za kijivu, kinakazika. Kikipinda tu, kitupe pembeni. Kisha visugue vipande vyote viwili kwa msasa na uvitie kwenye dawa pamoja kwa dakika kumi. Kimoja kikitoka cheusi na kingine cheupe, umepata jozi.

Springi za gari ziache kwa ajili ya panga. Nyingi zina kromi, na kromi hutengeneza utando unaozuia vyuma kushikana. Isitoshe, ukiziunganisha na tupa zote mbili zitatoka na kijivu kinachokaribiana, nakshi isionekane. Na chochote chenye mipako ya zinki au kromi kisiingie kwenye tanuri kabisa. Moshi wa zinki unaugonjesha mwili, na hakuna kisu kinachostahili hilo.

Tanuri, fuawe na usalama

Tanuri lazima lifike nyuzijoto 1,260 na libaki hapo. La gesi ya mtungi lenye kipulizia hewa ndilo rahisi kulitawala. Mkaa mzito wa mti mgumu nao unafika, mradi moto uwe na kina na chuma kikae katikati ya makaa, mbali na mdomo wa hewa. Hewa mbichi ikikipiga chuma kinaota magamba, na magamba hayashikani. Kwenye tanuri la gesi punguza hewa mpaka ulimi wa moto utoke kidogo nje ya mlango. Huo ni moto wenye njaa ya hewa, ndio tunaoutaka. Ila moto huo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Fanya kazi chini ya banda lililo wazi pande zote. Mvua ikinyesha, ahirisha; usihamie ndani.

Boraksi, unga mweupe tutakaounyunyiza kwenye chuma wakati wa kushikisha, ikiyeyuka hula sufi ya kauri iliyo ndani ya tanuri, kwa hiyo tandika sakafu kwa tofali la moto ambalo hutaona uchungu kulibadilisha. Vaa pamba au ngozi, kamwe usivae nailoni. Miwani haivuliwi tangu mwanzo hadi mwisho: pigo la kwanza la kushikisha hurusha boraksi ya moto pande zote, na jirani anayekuja kuangalia asimame nyuma yako, asiwe mbele ya fuawe. Unaposaga vaa barakoa ya vumbi, kwa sababu vumbi lenye nikeli halifai mapafuni.

Nyundo ya kilo moja na nusu inatosha kwa vipimo nitakavyotoa. Mwenye mashine ya kugandamiza ana raha zaidi, ila asidhani kwamba mashine inasamehe moto mdogo.

Kupanga tita

Kata vipande vitano vya 1084 vyenye unene wa milimita 3, na vinne vya 15N20 vya milimita 1.5, vyote urefu wa milimita 120 na upana wa 30. Visugue pande zote mbili mpaka chuma king'ae. Kutu, rangi, mafuta ya vidole, vyote vitoke. Futa kwa asetoni, na baada ya hapo shika kwa glavu safi. Panga kwa kupishana, 1084 ikianza na kumaliza, kwa sababu ndiyo itakayobeba magamba ya nje. Utapata tita la tabaka 9, unene milimita 21, uzito gramu 600 hivi.

Libane kwenye jiliwa na ulichomelee pembe nne kwa mashine ya kuchomelea, mishono mifupi tu ya kulizuia lisiteleze. Chomelea na nondo nyuma yake iwe mpini. Koleo hufanya kazi pia, lakini nondo inakuweka mbali na moto na inakupa uhuru wa kugeuza.

Kushikisha

Pasha tita taratibu mpaka liwe jekundu la kuonekana mchana. Litoe, lisugue haraka kwa brashi ya waya, nyunyiza boraksi kwenye maungio ya matabaka pande zote, lirudishe. Boraksi itayeyuka, itatambaa na kuingia kwenye nyufa. Kazi yake ni kufukuza hewa na kuyayeyusha magamba. Nyunyiza mara ya pili kama kuna sehemu inayoonekana kavu.

Sasa ongeza moto, na hapa ndipo uvumilivu unapotakiwa. Uso wa tita utafika rangi ya njano iliyoiva huku moyo wake bado ni wa machungwa. Ukipiga wakati huo, tabaka za juu zitashika na za katikati zitabaki zimekaa tu, na hutajua mpaka siku ya kusaga. Geuza tita upande baada ya upande, liache likae dakika kadhaa baada ya kuonekana limefika. Dalili nzuri ni hizi: tita zima lina rangi moja na ya tanuri lenyewe, mistari ya matabaka haionekani tena kwa kivuli, na boraksi juu yake inachemka kwa povu dogo. Ukiona cheche nyeupe zinaruka kutoka kwenye chuma chenyewe, umepitiliza; chuma kinaungua, na kilichoungua hakirudi. Kata sehemu hiyo utupe.

Litoe na upige upesi. Fuawe baridi inanyonya joto, kwa hiyo usilaze tita halafu ndio utafute nyundo. Mapigo ya kwanza yawe mepesi na yanayofuatana, yakianzia upande wa nondo kuelekea ncha ya mbele, ili boraksi ichuruzike nje badala ya kunaswa ndani. Nia ya mapigo haya ni kukutanisha vyuma tu. Kurefusha bado. Mapigo manane au kumi, kisha lirudishe kwenye moto, boraksi tena, joto lilelile, mapigo yenye nguvu kidogo zaidi. Rudia mara ya tatu. Watu wengi huiruka hiyo ya tatu kwa sababu tita linaonekana limeshashikana. Mimi siiruki.

Kupima, liache lipoe kidogo huku ukilitazama ubavuni kwenye kivuli. Mche ulioshikana hufifia rangi sawasawa. Penye ufa utaona mstari: tabaka moja litakuwa jeusi mapema kuliko wenzake, kwa kuwa joto halivuki pengo. Mstari ukiwa karibu na ukingo, boraksi na moto tena vinaweza kuuponya. Ukiwa katikati kabisa, afadhali ukate hapo na uone chuma kikoje ndani. Usipige tita kwa ubavu kabla hujaridhika kwamba limeshikana. Pigo la ubavu ndilo linalofumua matabaka.

Kurefusha, kukata, kupanga upya

Saga mishono yote ya kuchomelea uitoe. Chuma cha fimbo ya kuchomelea kikibaki ndani kitaonekana kama doa kwenye kisu. Kisha refusha mche ukiwa kwenye rangi ya njano, usingoje mpaka uwe mwekundu, hadi unene wa milimita 9 na upana uleule wa 30. Utapata urefu wa sentimita 24 hivi baada ya kukata ncha mbovu. Saga nyuso zote mbili zing'ae, kata vipande vinne vya sentimita 6, vipange, na urudie kushikisha kama mwanzo. Sasa una tabaka 36. Fanya hivyo mara moja zaidi na utakuwa na 144.

Hesabu hiyo ina udanganyifu mdogo. Kila unapopanga upya, 1084 ya juu ya kipande kimoja inakutana na 1084 ya chini ya kingine, na mbili zinakuwa tabaka moja nene. Jicho litaona chache kuliko hesabu. Hakuna ubaya, mistari minene kati ya myembamba huipa nakshi uhai.

Usidanganyike pia kwamba tabaka nyingi ni ubora. Mche wa milimita 12 wenye tabaka 144 una tabaka za milimita 0.08. Ukienda mpaka 1,000 hutaona mistari tena, utaona kijivu. Wala tabaka ngumu na laini hazibaki zimetengana kwa kaboni: kwenye joto la kushikisha, kaboni husambaa kutoka tabaka hadi tabaka mpaka ikalingana. Nikeli na manganizi ndizo zinazobaki mahali pake, na hizo ndizo unazoziona. Kwa hiyo anayekuuzia hadithi kwamba kisu chake kinakata vizuri kwa sababu tabaka ngumu zimepishana na laini, msikilize kwa adabu tu.

Refusha mche wa mwisho hadi unene wa milimita 12 na upana 30, na uache hapo. Umefika kwenye nakshi.

Namna nakshi inavyotokea

Ukisaga mche huu kama ulivyo utaona mikwaruzo michache ya mawimbi pale nyundo ilipobonyeza zaidi. Tabaka zimelala sambamba na uso, na uso ni tabaka moja. Ili mistari ionekane lazima matabaka yakatwe kwa mshazari, sawa na pete za kitunguu zinavyobadilika umbo kutegemea kisu kimepita wapi. Kuna njia mbili za kulifanya hilo: ondoa chuma mahali fulani kisha ubonyeze mche uwe bapa, ili tabaka za chini zipande juu, au kunja mche wenyewe.

Kabla hujagusa chuma ulichokitolea jasho, nunua udongo wa kuchezea wa watoto wa rangi mbili. Utandaze, upange tabaka, kata mifereji au toboa vishimo, ubonyeze kwa kipande cha mbao, kisha kata uso kwa wembe. Nakshi utakayoiona ndiyo utakayoipata. Wahunzi wazoefu hufanya hivyo wanapobuni nakshi mpya, na mchezo huo hauna aibu yoyote.

Ngazi

Hii ndiyo ninayompendekezea mtu kwa kisu chake cha kwanza, kwa sababu makosa madogo ya vipimo hayaiharibu. Ni nakshi ya kale pia: wahunzi wa Uajemi waliikata mifereji kama hii kwenye panga za chuma cha vyunguni, wakaiita ngazi arobaini.

Acha mche upoe polepole ili ukatike. Kwa chaki au sindano ya kuchorea, piga mistari kukatisha upana, kila milimita 14. Upande wa pili piga mistari inayoangukia katikati ya nafasi za upande wa kwanza. Hili ni la lazima. Mifereji ya pande mbili ikikutana mgongo kwa mgongo, mche unabaki mwembamba hapo, na ukiubonyeza utapata shingo, hutapata daraja la ngazi.

Kata kila mfereji kwa grainda, kisha umalizie kwa tupa ya duara: upana milimita 6, kina milimita 4, yaani thuluthi ya unene. Kitako kiwe cha mviringo na kingo zake zilainishwe. Mfereji wenye kuta zilizosimama wima hujikunja ukipigwa, unafunika magamba ndani, na unaacha ufa mwembamba ambao hutauona mpaka dawa iuonyeshe. Saga mikwaruzo mirefu ya diski yote iishe.

Pasha mche mpaka njano na uupige bapa, pande zote mbili kwa zamu, mpaka mifereji ipotee na unene uwe milimita 6. Nyundo iwe na uso laini usio na pembe. Mgongo wa chuma uliokuwa kati ya mifereji utashuka, sakafu ya mfereji itapanda, na matabaka yaliyokatwa yatatokeza juu kwa mistari inayokatisha kisu. Piga sawasawa kuanzia ncha hadi ncha. Ukivuta upande mmoja zaidi, madaraja yatapanuka huko na kubanana kwingine.

Wenye mashine ya kugandamiza hufanya kinyume: wanabonyeza mifereji kwa kalibu bila kukata, halafu wanasaga vilima vilivyosimama. Matokeo yanafanana. Chuma kingi zaidi kinaishia sakafuni kama vumbi, lakini hatari ya nyufa za kujikunja haipo.

Matone

Maandalizi ni yaleyale, isipokuwa badala ya mifereji unatumia keekee ya drili. Toboa vishimo visivyopenya, vya kina cha milimita 3, kwa keekee za milimita 6, 8 na 10. Vichanganye; vishimo vya ukubwa mmoja vilivyopangwa mstarini vinatoa kitu kinachofanana na karatasi ya kufungia zawadi. Upande wa pili viepuke vya upande wa kwanza. Ncha ya keekee inaacha umbo la koni, na koni hiyo ndiyo inayotoa pete ndani ya pete. Ikiwa kuta za kishimo zimesimama, zipanue kwa keekee kubwa zaidi kabla ya kubonyeza.

Vishimo hunasa magamba kuliko mifereji. Kila unapotoa mche kwenye moto, upige brashi kabla ya nyundo.

Msokoto, kwa kifupi

Msokoto unataka tabaka chache, 9 hadi 36, kwa sababu kusokota kunazibana zote. Fua mche uwe wa mraba wa milimita 16, vunja pembe uwe wa pande nane, pasha kwa usawa mpaka njano angavu, bana ncha moja kwenye jiliwa na uzungushe nyingine kwa spana. Sehemu yenye moto zaidi itasokotwa zaidi, hivyo usawa wa joto ndio usawa wa nakshi. Baadaye upige uwe bapa. Karibu na uso utaona mistari ya mshazari. Ukisaga kuelekea katikati, nyota zinaanza kutokea. Hakuna kitu kinachofichua ushikishaji mbovu kama msokoto: penye kasoro patafunguka mbele ya macho yako.

Kutoka mche hadi kisu

Hapa wengi huiharibu nakshi waliyoipata. Ukifua makali kwa nyundo, chuma kinatanuka upande huo, na ngazi zako zinafunguka kama vidole. Fua umbo la jumla tu na mkia utakaoingia kwenye mpini, kisha mteremko wa makali uupate kwa kusaga. Kusaga kunakata matabaka zaidi na kufanya nakshi iwe tajiri zaidi kuelekea makali. Ncha nayo usiikate kwa msumeno upande wa makali, mistari itakatikia hapo. Kata pembe upande wa mgongo, kisha uifue ncha irudi kuelekea mgongoni, ili tabaka zifuate ncha.

Kabla ya kusaga, pumzisha chuma mara tatu: pasha mpaka nyuzijoto 870, acha kipoe hewani mpaka kiwe cheusi, kisha 815, kisha 760. Chembe zake zinakuwa ndogo na mikazo ya nyundo inatoka. Saga ukiacha makali yenye unene wa milimita moja. Makali membamba zaidi hupinda au kupasuka kwenye mafuta.

Kukaza ni nyuzijoto 815. Usipokuwa na kipima joto, fanya kazi gizani: sumaku inaacha kushika kwenye 770, na unataka kivuli kimoja cha rangi juu ya hapo. Zamisha ncha kwanza kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa mpaka nyuzijoto 50 au 55, lita tano au zaidi, ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko karibu. Chezesha mbele na nyuma tu. Ukitikisa kushoto na kulia kisu kitapinda. Mafuta yakishika moto, funika, maji yasikaribie. Tupa ikiteleza juu ya makali bila kung'ata, kimekaza. Kilegeze palepale, siku hiyohiyo: nyuzijoto 200 kwenye oveni, saa mbili, kipoe, saa mbili tena. Sehemu uliyoisugua itakuwa na rangi ya nyasi kavu.

Kuamsha nakshi

Sugua kwa msasa kwa mkono mpaka namba 600, kwa mwelekeo mmoja, na usiruke namba. Mkwaruzo wa 120 uliobaki utaonekana kuliko nakshi yenyewe. Osha kwa sabuni, futa kwa asetoni, na baada ya hapo bapa lisiguswe kwa kidole.

Dawa ni feri kloraidi, inayouzwa kwa mafundi wa elektroniki wanaotengeneza saketi. Changanya sehemu moja ya ile ya kimiminika na sehemu tatu au nne za maji, dawa ikimiminwa kwenye maji. Tumia chombo cha plastiki au kioo. Sinki la chuma italila. Glavu na miwani. Zamisha kisu kwa dakika kumi, kitoe, futa uchafu mweusi kwa msasa wa namba 2000 ukiwa umezungushiwa kipande cha mbao, rudisha. Mara tatu au nne zinatosha kukupa kina unachoweza kukihisi kwa ukucha. Dawa kali isiyochanganywa inafanya haraka lakini inachimba ovyo.

Mwisho, kitie kwenye maji ya magadi kwa dakika kadhaa ili kuua dawa iliyobaki, kisha suuza, kausha, paka mafuta. Kama unataka weusi mzito zaidi, kiloweke usiku mmoja kwenye kahawa ya kopo, ya papo hapo, gramu 100 kwa lita moja ya maji yaliyopoa. Kahawa haichimbi, inaongeza giza kwenye 1084 na kuiacha 15N20 iking'aa. Baada ya hapo pitisha msasa wa 2000 kwa wepesi juu ya mistari myeupe tu.

Kujua cha kweli, na kukitunza

Sokoni kuna visu vya bei ya chini vyenye nakshi iliyochapwa kwa leza au dawa juu ya bamba la chuma kimoja. Tazama mgongo wa kisu: kwenye Dameski ya kweli mistari inavuka kutoka bapa moja kwenda jingine kupitia mgongoni. Ukiwa na ruhusa ya mwenye kisu, sugua eneo dogo karibu na mpini mpaka nakshi ifutike, weka tone la dawa, subiri. Ya kweli itarudi. Iliyochapwa haina cha kurudi nacho.

Vyuma hivi viwili vinashika kutu. Ndimu na kitunguu vikikaa juu ya bapa vinaacha madoa, kwa hiyo kisu cha jikoni kioshwe kwa mkono na kufutwa mara moja. Kama kitakata chakula, mafuta ya kukilinda yawe ya kulika. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi kwa muda mrefu. Ngozi ina asidi na inanasa unyevu, na kwa hewa ya pwani wiki moja inatosha kuleta madoa ya kutu. Baada ya kunolewa mara nyingi, mkanda ulio juu ya makali utakuwa mweupe mtupu. Sugua bapa zima kwa msasa wa 600, rudisha kwenye dawa, na nakshi itajitokeza tena, ikiwa imesogea kidogo kwa kuwa sasa umefika tabaka nyingine.